Kahindo si Katindo

Wengi wenu hamsikii. Nalisema mapema ili asiyependa kusemwa aache kusoma hapa hapa, akaendelee kubonyeza vitufe vyake. Mnavaa masikioni vitu vikubwa kama mabakuli ya fufu, mna kompyuta, mna eko za kila aina zilizopangwa kwa majina ya Kifaransa, na bado mtu akisema "pa" nyinyi mnasikia "ba". Miaka yote niliyokaa studio niliwapigia kelele, nanyi mkaniita Mama Eko mkicheka, kwa sababu neno lililonitoka mara nyingi kuliko salamu lilikuwa "ondoa eko". Sasa nimestaafu, niko nyumbani Murara, hapa Goma, na chai yangu, na mmenituma niandike kumbukumbu za kazi. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alisahauliwa. Nitaandika juu ya eko, kwa sababu ndiyo iliyokula miaka yangu, na kwa sababu iko siku moja ambayo niliitia kwa mkono wangu mwenyewe mahali isipotakiwa, na mtoto wa watu akapotea mara ya pili.

Vitabuni inaitwa mwangwi. Mtaani ni eko, na mimi nitasema eko.

Nilianza nikiwa msichana wa miaka ishirini. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kindu, Mwislamu wa swala tano, aliyeamini kwamba redio iliumbwa kwa ajili ya kutangaza bei ya mazuti, dizeli ya lori lake, na majina ya marehemu. Hakunikataza. Aliniuliza tu kama kwenye kazi hiyo watu wanavaa viatu. Studio ilikuwa vyumba viwili katikati ya mji, ikirekodi kwaya na matangazo, na fundi wake alikuwa Papa Anselme, Mnande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi, mwembamba, asiyevua koti hata jua liwake namna gani. Nilitegemea siku ya kwanza anioneshe meza yenye vitufe. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akafunua mfuniko wa siterne, lile tangi la saruji la kukingia maji ya mvua. Lilikuwa na ufa, halikushika maji tena, na ndimo alimoweka mashine yake ya eko. Upande mmoja palikuwa na bafle, spika kuukuu iliyotoka kwenye baa fulani. Upande wa pili palikuwa na mikro ya kunasa sauti. Waya zilipita dirisha la jikoni. Sauti ya mwimbaji ilitoka studio, ikalia mle ndani ya siterne, ikarudi ikiwa na mkia.

"Shuka, useme jina lako," aliniambia.

Nikashuka kwa ngazi, nikasema Zaina. Jina likazunguka, likapanda, likanirudia kichwani.

"Umesikia nini?" akauliza kutoka juu.

"Nimesikia jina langu, Papa."

"Hapana. Weye ulisema Zaina moja. Zile zingine ni za ukuta, na ukuta haijui kusoma. Utakumbuka?"

Nikasema nitakumbuka. Mtaona wenyewe kwamba siku ilipohitajika sikukumbuka.

Kwa kwaya aliifungua siterne kidogo, kama mtu anayetia chumvi huku mama mkwe anamtazama. Alisema eko ikishasikika imeshazidi. Kwa mtu anayesoma habari alichomoa waya kabisa, akauviringisha, akautia mfukoni mwa koti, asije akashawishika. Nilidhani ni ushamba wa mzee. Mvua ikinyesha hatukurekodi, maana matone yaliingia kupitia ule ufa. Mara moja chura alihamia mle bila taarifa, na kwaya moja nzima ikaenda nyumbani na kaseti yenye chura katikati ya wimbo wa maombi. Wanakwaya walisema ni ishara. Papa Anselme alisema ni chura.

Baadaye kikaja kisanduku. Mfanyabiashara mmoja alikileta kutoka Dubai katikati ya mzigo wa vitenge, kikiwa na namba nyekundu usoni na kitufe kimoja kikubwa. Unazungusha kitufe, sauti ya mtu aliyeketi chumbani inakuwa ya mtu aliyesimama ndani ya pango. Papa Anselme hakuamini. Alifungua skrubu zote akitafuta siterne iko wapi, akakuta vidude vyeusi vyenye miguu kama kunguni. Akafunga skrubu, akachukua kijitabu kilichokuja nacho na kamusi ya shule ya binti yake, akakisoma wiki tatu. Halafu akanieleza, na maelezo yake sijapata kuyasikia vizuri zaidi kwa mtu yeyote mwenye diploma.

Kisanduku hakina ukuta, alisema. Kinaigeuza sauti kuwa namba, maelfu na maelfu kwa sekunde moja. Namba hizo kinazishika kidogo, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kinazipunguza nguvu, kisha kinazirudisha mlangoni ziingie tena pamoja na namba mpya. Zinazunguka hivyo, kila mara hafifu zaidi, hadi zinakufa. Mzunguko mmoja peke yake unasikika kama mtu anayegonga bati. Kwa hiyo inawekwa mizunguko kadhaa, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu urefu wake haufai kulingana.

"Enda soko," aliniambia, "utazame wanawake wane wanatwanga sombe. Kama mwendo wao unakutana, utasikia pu moja kubwa, kiisha kimya, kiisha pu. Kama kila mumoja ana mwendo wake na hawakutane, utasikia tu kutwanga, haina tundu. Eko ya muzuri ni wale wanawake wasiokutana."

Nilikwenda sokoni kweli. Nilisimama mbele ya vinu vya majani hayo ya muhogo hadi mama mmoja akaniuliza kama nimetumwa na wakwe. Ila tangu siku hiyo, mashine ikilia kama bati, najua ni mizunguko gani miwili imekutana, na nyinyi hamjui, mnatafuta tu jina lingine kwenye orodha. Yale mengine pia alinifundisha yeye. Kila mzunguko uvuliwe kidogo zile sauti nyembamba, maana ukuta wa kweli huzinywa kwanza. Besi ziondolewe kwenye eko, la sivyo mwanaume mwenye kifua atajaza chumba matope. Na mkia ucheleweshwe kidogo kabla ya kuachiwa, ili herufi itangulie mbele na kupita salama. Nimewaambia hili la mwisho mara ngapi? Nikiwa hai nitawaambia tena.

Mlima wetu wa volkano ukapasuka, moto ukapita katikati ya mji, na studio pamoja na siterne vikalala chini ya mawe. Papa Anselme alikwenda kusimama juu ya lile jiwe jeusi, bado lina joto, na koti lake, akasema, "Sasa imejaa." Tulihamia hapa Murara katika nyumba ya kupanga, tukapata kibali cha redio ndogo. Yeye alifanya kazi nasi miaka michache, kifua kikamshinda. Alikufa akiwa amenikabidhi bisibisi zake na ule waya. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kisha ukaja ugonjwa. Sijui niuite nini kingine. Vile visanduku vikashuka bei, vikaingia ndani ya kompyuta, na mji mzima ukalewa eko. Kila mashine ilikuja na majina tayari: Salle, yaani ukumbi, Grande Salle, ukumbi mkubwa, na kubwa lao, Cathédrale, kanisa kuu la askofu. Hakuna aliyetaka Salle. Muuza dawa ya minyoo kwenye njia panda alitaka Cathédrale. Mgombea wa uchaguzi alitaka Cathédrale, hata ahadi zake zikawa hazisikiki, na labda ndivyo alivyopenda. Msikiti wetu mwenyewe, ninaouheshimu, ulinunua kipaza sauti chenye eko ndefu kiasi kwamba adhana ya alasiri ilikuwa bado inazunguka mtaani wakati imamu amekwisha kuvua viatu. Harusi, matanga, mnada wa simu, vyote pangoni. Mchungaji mmoja wa kanisa la mahema alikuja kurekodi mahubiri, nikamwachia sauti yake ilivyo, akanuna.

"Mama Zaina, Mungu haisemake kavu," aliniambia.

"Ulimusikia lini, mchungaji?" nikamuuliza.

Hakurudi. Alikwenda studio nyingine wakamtumbukiza ndani ya Cathédrale, na mpaka leo sijui alihubiri nini.

Msidhani sikujifunza mambo mapya. Kompyuta zilipopata nguvu nilijifunza njia ile nyingine, ya kuchukua eko ya chumba chenyewe. Unaingia kwenye chumba kitupu, unatoa mlio mmoja mfupi mkavu, unarekodi mlio na mkia wake hadi mwisho. Baadaye kompyuta inachukua sauti ya mwimbaji, na kila namba ya sauti hiyo inabebeshwa mkia mzima wa chumba kile, kisha mikia yote inajumlishwa. Hesabu yake mtu angeifanya kwa kalamu angezeeka kabla hajamaliza neno "Amina". Kwaya moja ya mtaa wa Katindo ilitaka kurekodi studio lakini isikike kama iko kanisani kwake, bila mvua kwenye mabati. Nikasoma kwamba watu wa huko ng'ambo hupasua baluni. Na mimi, mtu wa Goma, mzaliwa wa hapa, nikanunua mabaluni mekundu ya sherehe, nikaenda kulipasua moja ndani ya kanisa tupu lililo karibu na kambi ya askari.

Lilipasuka. Viongozi wa kwaya waliokuwa wamesimama nyuma wakalala chini ya mabenchi. Nami nikalala, mimi mwenye sindano mkononi. Tulikuwa bado chini waliposimama mlangoni askari wawili.

"Nani amepiga?" mkubwa wao aliuliza.

"Ni baluni, shefu," nikasema, mavumbi mdomoni.

"Baluni inafanya nini kanisani?"

"Tunarekodi chumba."

Alikitazama chumba, juu na chini. "Chumba kinasema nini?"

"Hakisemi kitu, shefu. Kinajibu tu."

Akataka kusikia. Nikampa vile vya masikioni, akasikiliza mara mbili, uso mkavu. "Hii si baluni," alisema. "Hii mimi naijua." Halafu akaomba mabaluni yaliyobaki ampelekee mtoto wake, nikampa yote. Toka siku hiyo nilitumia mbao mbili, nazigonganisha, na ninatangulia kubisha hodi nyumba za jirani. Ila mkia wa kanisa lile niliutunza kwenye kompyuta, sekunde nne nzima, mzuri kupita vyote nilivyowahi kurekodi. Nilijivunia. Kumbukeni hilo.

Sasa nafika pale nisipopenda kufika.

Mlima ulipopasuka tena, mji uliambiwa uhame. Mnakumbuka, wengine wenu mlikuwa mmebeba magodoro. Watu walishika njia ya Sake kwa miguu, mikono ikaachana na mikono, na waliporudi mji ulikuwa umejaa wazazi wasio na watoto na watoto wasio na wazazi. Redio yetu ilisoma matangazo kutwa. Direkta wetu wa wakati ule, kijana nadhifu aliyesomea mambo ya mawasiliano na ambaye sitamtaja jina kwa kuwa kosa nililifanya mimi, alisikiliza tangazo la kwanza akakunja uso.

"Mama Zaina, hii iko kavu. Inaonekana redio ya masikini. Jina na pahali ndiyo importante, basi hapo utie eko, batu bashtuke."

Nilimwambia hapana. Mara moja tu. Nilimwambia tangazo si wimbo. Akasema ninazeeka. Nilikuwa sijalala vizuri, nilitaka kwenda kutazama kama paa langu lipo, na kubishana na mtu anayenukia manukato saa mbili asubuhi kunachosha. Nikatia. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi ovyo, nikatia ile nzuri, ile ya kanisa la Katindo. Maelezo yote nikayaacha makavu, na jina na pahali nikavimwagia sekunde nne. Nilipoisikiliza kwenye mabafle makubwa ya studio nilijipongeza. Naandika kama ilivyokuwa.

Moja ya matangazo lilisema hivi: "Katoto ka mwanamke, ka miaka mine, amevaa gauni, robe ya kijani isiyo na kifungo cha juu, kovu kwenye kisigino cha kushoto. Anasema mama yake anaitwa Mama. Kahindo ndilo jina lake. Yuko Keshero, kwa masista. Kahindo." Tukalirusha siku tatu, asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya nne, asubuhi, aliingia mwanamke mwenye vumbi hadi magotini. Hakusalimu.

"Ni nyinyi munatangazaka batoto?"

"Ni sisi, mama. Karibu."

"Muache kudanganya batu. Ku Katindo hakuna masista wenye batoto. Nimezunguka siku tatu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mlango ya kambi. Bananifukuza sasa kama mwizi."

Nikamuuliza nani alimwambia Katindo.

"Redio yenu. Robe ya kijani, kifungo hakuna, kovu ya kisigino. Ni mutoto wangu yule. Kiisha inasema Katindo, Katindo, masista, Katindo."

Hapo, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Lile tabasamu mnalolijua, la mtu aliyezoea kuona wengine hawasikii. "Mama," nikamwambia, "hatukusema Katindo. Tulisema Kahindo. Ni jina la mutoto."

Alinitazama. "Jina ya mutoto wangu ninaijua," alisema taratibu. "Nilimupa mimi. Kama mungemuita ningesikia."

Nikachukua redio ndogo ya mlinzi, ile ya betri mbili anayoitundika kwenye mti, nikarusha tangazo ndani ya chumba, nikalisikiliza kama anavyolisikiliza mtu aliye barabarani. Robe ya kijani nikaisikia. Kisigino nikakisikia. Kisha ukaja ule mkia wangu mzuri. H ilikuwa imezama, mahali pake pakawa na kitu kigumu, na ukitaka kuiita t ilikubali. "-indo, -indo, -indo" ikatanda, ikafunika "ndilo jina lake", na neno Keshero lilikuwa chini yake kama siterne ya Papa Anselme chini ya mawe. Halikuwepo. Nilirudia mara tatu. Katindo. Masista. Katindo. Mwanamke yule masikio yake yalikuwa mazima. Kiziwi nilikuwa mimi.

Nikapiga simu Keshero. Sista aliyepokea alisema kwamba Kahindo mwenye robe ya kijani alingoja siku zote hizo, hakuna aliyekuja, nyumba ilikuwa imejaa, na asubuhi ile ile watoto wasiodaiwa walipandishwa boti kwenda Bukavu kwenye nyumba kubwa zaidi. Boti ilikuwa imetoka saa moja. Niliitazama saa ya studio, ilikuwa saa tatu.

Nilimwambia mama yule yote, pamoja na kwamba ni mkono wangu. Jina lake lilikuwa Masika, mjane, muuza sombe iliyotwangwa tayari, anayekaa hapa hapa Murara, mitaa mitatu kutoka studio. Siku tatu alitembea akimtafuta mahali asipokuwepo, na Keshero angefika kwa saa moja ya miguu. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

"Bukavu," alisema, "bako na ba Kahindo ngapi?"

Mnajua wenyewe. Wanande hutoa majina kwa zamu ya kuzaliwa, na ukiita Kahindo sokoni wanageuka wanawake kumi. Katika kundi lile la boti sista aliniambia walikuwa watatu, na robe walizokuja nazo wamekwisha kuvuliwa wakapewa nguo nyingine. Wote watatu wadogo, wote visigino vimechubuliwa na ile njia ya Sake, wote mama yao anaitwa Mama.

Nikamwinua. Nikafungua kabati moja kubwa ya studio, nikatoa rafu, nikatundika mablanketi pande zote, nikaweka mikro katikati, nikachomoa waya wa eko kwenye mashine, nikautia mfukoni. Nikamwambia Masika aingie.

"Niseme nini?"

"Sema unavyomuita akiwa nyumbani."

Akaingia kati ya mablanketi, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mtoto aje kunawa: "Kahindo. Njoo, mama. Ni mimi." Basi. Hapakuwa na ukuta wala kanisa ndani yake. Palikuwa na mate yakimezwa, na pumzi, na ile h. Sauti hiyo nilimtumia kwa simu fundi mwenzangu wa redio moja ya Bukavu, nikamwapisha kwamba akiongeza hata punje ya eko nitavuka ziwa nimfuate. Kisha nikarekodi upya matangazo yote, makavu, kwa sauti yangu, nikianza na pahali na kurudia pahali. Direkta aliingia katikati akauliza eko iko wapi. Nikamwambia atoke.

Kesho yake mchana sista wa Bukavu alipiga. Watoto walikuwa wakinywa uji, redio iko dirishani. Sauti ya Masika ilipotoka, mmoja wa wale Kahindo watatu aliweka kikombe chini, akasema, "Ni Mama," akaenda kusimama mbele ya dirisha akingoja atoke mle ndani.

Zilipita siku tisa kabla hajarudi, maana boti zilikuwa zimejaa watu wanaorejea. Siku tisa juu ya zile za kwanza. Nilikwenda bandarini pamoja na Masika asubuhi ile. Mtoto hakukimbia. Alishuka akiwa ameshikwa mkono, akamtazama mama yake kama anayepima kitu, akakamata kitenge chake kwa mikono yote miwili, na Masika aliniambia kwamba hadi mwaka ukaisha hakukiachia, hata chooni, hata sokoni, hata akilala. Watu husema mambo yaliisha vizuri. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu kwamba yaliisha.

Jioni ya siku ile nilifungua kompyuta nikafuta Cathédrale. Nikafuta Grande Salle. Na lile kanisa la Katindo, zile sekunde nne nilizolala mavumbini kuzipata, nikalifuta pia. Direkta alipolitafuta nilimwambia mashine imeharibika. Iliendelea kuharibika hadi alipohamishwa, na ikaendelea kuharibika hadi mlipokuja nyinyi, mkaleta Cathédrale nyingine kwenye vidude vyenu vya kuchomeka. Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nawachomolea.

Mwezi uliopita mliniaga. Mlipanga viti uani, mkanipa saa ya ukutani, mimi ambaye kwa mara ya kwanza maishani sina pa kuwahi. Mkakodi mabafle na meza ya sauti, na aliyekodiwa akaweka, bila aibu, mbele yangu, Cathédrale. Hotuba ya Direkta mpya niliisikia neno moja kwa matano. Niliapa moyoni kwamba siku yangu ya mwisho sitagusa kitu. Nikameza soda yangu. Kisha mkawaita majirani wenye zawadi, na Masika akaja na bakuli ya sombe, na pembeni yake binti mrefu wa darasa la nne, robe nyeupe, vifungo vyote vipo. Mkampa binti mikro ajitambulishe.

"Ninaitwa Ka—" na mengine yakaingia pangoni, yakatoka "-indo, -indo, -indo", na mtu mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Ah, ni wa Katindo."

Niliinuka. Nilikwenda mezani na miguu yangu hii mibovu, nikamsukuma yule kijana wa kukodiwa kwa kiuno, nikashusha kitufe hadi chini, na kwa kuwa simwamini mtu nikachomoa na waya wa eko. Nikamgeukia mtoto.

"Rudia, mama," nikamwambia.

"Ninaitwa Kahindo," alisema.

Niliisikia h. Ilikuwa ndogo, kavu, imekaa mahali pake. Nikarudi kitini na waya mfukoni, machozi yananitoka mbele yenu wote, na nyinyi, kwa kuwa hamsikii, mlidhani nalilia ile saa ya ukutani.